Namna ya Kuamua Kama Ubuddha na Zen ni Dini

Swali la kama Ubuddha ni dini huulizwa mara nyingi na watu wa aina tatu. Yupo mwanafunzi aliyepewa insha, akakuta kitabu kimoja kinauita dini na kingine kinauita falsafa. Yupo Mwislamu au Mkristo aliyealikwa kwenye darasa la tafakuri, naye anataka kujua kama kwa kuhudhuria atakuwa ameshiriki ibada ya watu wengine. Na yupo aliyesoma machache kuhusu Zen, akavutiwa na utulivu wake, kisha akaanza kuwaambia wenzake kwamba Zen haihusiani na dini hata kidogo na kwamba ni namna ya kuishi tu. Wote watatu wanaweza kupata jibu la kuridhisha, mradi walifuate swali kwa utaratibu na wasiridhike na usemi wa haraka. Mwongozo huu unaeleza utaratibu huo, na sitaficha upande niliopo: Ubuddha ni dini, Zen ni tawi la dini hiyo, na wengi wanaokana jambo hili wamesoma maandishi ya watawa bila kuyatazama maisha yao.

Anza kwa kujua nani anauliza

Kabla ya kufungua kitabu chochote, andika kwenye karatasi sababu ya kuuliza kwako. Hakimu anayeamua haki ya mfungwa, mwalimu wa somo la dini, afisa wa kodi, na muumini anayelinda imani yake wote wanaweza kutumia maneno yaleyale huku kila mmoja akitafuta kitu tofauti. Ubishi mwingi juu ya suala hili hautokani na uchache wa habari. Hutokana na watu wawili kujibizana bila kutambua kwamba mmoja anazungumzia sheria na mwingine anazungumzia ukweli wa mafundisho.

Tena suala lenyewe ni la zamani. Majeshi ya Kiislamu chini ya Muhammad bin Qasim yalipoingia Sindh, ambayo leo ni sehemu ya Pakistani, katika miaka ya 711 na 712, watawala wapya walikuta watu wenye mahekalu na masanamu ambao hawakuwa Wayahudi, Wakristo wala Majusi. Miongoni mwao walikuwamo Wabuddha na Wahindu. Mwanahistoria al-Baladhuri, aliyefariki mwaka 892, amesimulia kwamba Muhammad bin Qasim aliyahesabu mahekalu yale kuwa sawa na makanisa ya Wakristo, masinagogi ya Wayahudi na nyumba za moto za Majusi, akawaacha wenyewe waendelee nayo kwa kulipa kodi. Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba kamanda yule aliyakubali mafundisho ya watu wale. Alichokitambua ni kwamba walikuwa na dini yao, na kwamba dola ilipaswa kuwa na namna ya kuishi nao. Mfano huu ni wa thamani kwa msomaji Mwislamu, kwa sababu unaonyesha kwamba kuita kitu dini hakumlazimishi mtu kukisadiki.

Mahakama za zama zetu zimefika hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1961 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi iliyohusu kiapo cha kumkiri Mungu kilichotakiwa kwa watumishi wa umma wa jimbo la Maryland, iliutaja Ubuddha miongoni mwa dini za nchini humo ambazo hazifundishi kuwepo kwa Mungu. Mwaka 1972 mahakama hiyohiyo ilishughulikia malalamiko ya mfungwa Mbuddha wa Texas, ikasema kwamba mfungwa wa namna hiyo anastahili fursa ya kuifuata imani yake inayolingana na ile wanayopewa wafungwa wa dini zilizozoeleka. Nchini Uingereza, jaji Lord Denning alisema mwaka 1970 kwamba mahali pa ibada ya kidini kwa kawaida ni mahali pa kumheshimu Mungu, lakini papo hapo akakiri kwamba mahekalu ya Kibuddha yanastahili kuingizwa. Ni kipimo kilichotoboka siku ileile kilipotangazwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikiacha, ikisema kwamba dini haipaswi kufungwa ndani ya imani ya Mungu mmoja aliye mkuu, kwa kuwa kufanya hivyo kungeutoa nje Ubuddha na imani nyingine kadhaa.

Kwa hiyo kama swali lako ni la kisheria, kazi yako ni nyepesi, kwani jibu limekwisha kutolewa mara nyingi na katika nchi nyingi. China huutambua Ubuddha kuwa mojawapo ya dini zake tano rasmi, Katiba ya Sri Lanka ya mwaka 1978 imeupa nafasi ya kwanza, na nchini Japani mahekalu ya Zen husajiliwa chini ya sheria ya mashirika ya kidini ya mwaka 1951. Kazi ngumu huanza pale unapotaka kujua kama sheria hizo ziko sahihi.

Weka kando kipimo cha Muumba

Dini mbili zinazojulikana zaidi kwetu Afrika Mashariki, Uislamu na Ukristo, zina Mungu aliyeumba mbingu na ardhi, na humtaka mtu amwabudu Yeye. Mtu aliyelelewa ndani ya mojawapo akiambiwa kwamba Ubuddha hauna Muumba, hukata shauri mara moja: basi hiyo si dini. Nakuomba usimame hapo kidogo, maana kipimo cha aina hiyo kiliwahi kutumiwa dhidi yetu wenyewe. Wageni wengi waliofika Afrika katika karne ya 19 waliandika kwamba wenyeji hawakuwa na dini, kwa sababu hawakuona kitabu, jengo la ibada wala kanuni ya imani iliyoandikwa. Mwanazuoni wa Kenya John Mbiti, aliyeishi kuanzia mwaka 1931 hadi 2019, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba dini za Kiafrika zilikuwa zimeenea katika maisha yote ya watu, kuanzia kuzaliwa hadi kuwakumbuka waliotangulia, na kwamba kilichokosekana kilikuwa macho ya kuziona. Mtu anayeukubali utetezi huo kwa ajili ya babu zake hawezi kuukataa unapowahusu Wathai au Wajapani.

Pia si kweli kwamba maandiko ya Kibuddha hayana miungu. Yamejaa miungu. Inasimuliwa humo kwamba baada ya Siddhartha Gautama, ndiye Buddha mwenyewe, kupata mwanga chini ya mti huko Bodh Gaya, nchini India, alisita kuwafundisha watu, na ni Brahma Sahampati, mmoja wa wakazi wa mbingu za juu, aliyeshuka kumsihi afundishe. Mahali pengine yumo Brahma anayejidhania kuwa ndiye aliyeumba kila kitu, kwa sababu tu alitokea wa kwanza ulimwengu ulipoanza kufunguka upya, na Buddha anaeleza jinsi kosa hilo lilivyozaliwa. Miungu hiyo huishi muda mrefu mno, lakini nayo hufa na kuzaliwa tena. Kinachokanwa ni cheo cha Muumba wa milele, na tofauti hiyo ni lazima uiandike vizuri katika insha yako, kwa sababu wanafunzi wengi huandika kwamba Buddha alikuwa mkanamungu, na hapo hupoteza alama kwa haki.

Kuna kisa kimoja kinachotumiwa sana na wanaosema Ubuddha ni falsafa ya vitendo tu. Mtawa aitwaye Malunkyaputta alimtaka Buddha amweleze kama ulimwengu ni wa milele, kama una mwisho, na kama aliyepata mwanga huendelea kuwepo baada ya kufa. Buddha akamjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, ambaye anakataa kutolewa mshale mpaka aambiwe aliyemchoma ni wa ukoo gani, ni mrefu au mfupi, na uta wake ni wa mti gani. Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Kisa hiki kinafundisha kwamba yapo maswali yasiyomsaidia mtu kuondokana na mateso. Hata hivyo Buddha huyohuyo alifundisha bila kusita kwamba matendo huzaa matunda, kwamba viumbe huzaliwa tena na tena kulingana na matendo hayo, na kwamba mzunguko huo unaweza kukomeshwa. Mambo hayo matatu hayathibitiki kwa kuyatazama maisha ya siku moja. Ni mafundisho juu ya hatima ya viumbe, na anayekitumia kisa cha mshale lazima ayachukue pamoja nacho.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliliona tatizo hili mapema. Edward Tylor wa Uingereza alikuwa amependekeza mwaka 1871 kwamba dini ni kuamini viumbe wa kiroho. Durkheim, mwaka 1912, aliutumia Ubuddha kama hoja ya kulikataa pendekezo hilo. Kwake, dini hutambulikana kwa kuwapo kwa mambo matakatifu yaliyotengwa na ya kawaida, pamoja na imani na matendo yanayowaunganisha watu kuwa jumuiya moja yenye maadili. Sisemi kwamba maneno ya Durkheim yanamaliza kila kitu, lakini ni kipimo kinachokubali kukosolewa kwa ushahidi, na kinakutuma kutazama watu wanafanya nini. Hatua inayofuata ni hiyo.

Nenda hekaluni, au soma kama mtu aliyesimama hekaluni

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki safari si ndefu sana. Dar es Salaam ina hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na nchini Uganda, karibu na Entebbe, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda. Ukifika mahali kama hapo, usianze kuuliza wanaamini nini. Tazama wanafanya nini, na kwa mpangilio gani.

Utaona viatu vikivuliwa mlangoni. Utaona watu wakipiga magoti na kuinama mara tatu mbele ya sanamu, wakiweka maua, taa na ubani. Utasikia maneno ya lugha ya Kipali yakisemwa mara tatu, ambayo maana yake ni kwamba msemaji anamwendea Buddha kuwa kimbilio, anayaendea mafundisho yake, na anaiendea jumuiya ya watawa. Kisha hufuata ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, na kutotumia vileo. Mtawa wa mapokeo ya Theravada, yanayofuatwa Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Laos na Kambodia, hubeba juu ya hayo kanuni 227, na moja ya zile zinazoonekana kwa urahisi ni kwamba hali chakula baada ya adhuhuri.

Kuna tendo dogo ambalo ningependa ulitazame kwa makini kuliko yote. Nchini Thailand, baada ya familia kuwapa watawa chakula au mavazi, watawa huanza kusoma sala ya baraka, na mmoja wa familia humimina maji polepole kutoka kwenye chombo kidogo hadi kwenye bakuli, bila kukatiza, mpaka sehemu ya kwanza ya sala ifike mwisho. Maji hayo huenda yakamwagwa chini ya mti. Kwa tendo hilo familia inaipeleka thawabu ya sadaka yake kwa marehemu wake. Mtu wa Pwani aliyewahi kukaa kwenye hitima hahitaji kufafanuliwa sana kinachotendeka pale, ingawa mafundisho yanayobeba tendo lenyewe ni mengine kabisa: hapa hakuna Mungu anayeombwa, na thawabu inatembea kwa nguvu ya nia na ya tendo jema. Nionyeshe falsafa inayomwaga maji kwa ajili ya wafu, nami nitakubali kwamba Ubuddha ni falsafa tu.

Pamoja na hayo, ni haki kusema kwamba Ubuddha una falsafa pana na nzito. Nagarjuna wa India aliandika hoja kuhusu utupu wa vitu vyote ambazo wanafalsafa wanazichambua hadi leo. Lakini Uislamu haukuacha kuwa dini kwa sababu Ibn Rushd alikuwa mwanafalsafa, wala Ukatoliki kwa sababu ya Thomas Aquinas. Anayekutaka uchague kati ya dini na falsafa amekuwekea chaguo lisilokuwepo.

Ushahidi mwingine ni B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba ya India, na ambaye alizaliwa katika tabaka lililotengwa na kuitwa lisiloguswa. Alitangaza mwaka 1935 kwamba hatakufa akiwa Mhindu, akachunguza dini kadhaa kwa zaidi ya miaka 20, na tarehe 14 Oktoba 1956 akaingia Ubuddha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Ambedkar aliutafsiri Ubuddha kwa akili ya kisasa mno, akaikataa hata namna ya kawaida ya kueleza kuzaliwa upya. Hata hivyo alijua kwamba watu wake walihitaji dini, yaani jumuiya, ahadi na kicho, na ndiyo maana aliwaapisha hadharani badala ya kuwagawia vijitabu na kuwaacha warudi nyumbani.

Zen inahitaji uangalifu zaidi

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Zen ni tawi lililokulia China kwa jina la Chan, nalo humhesabu Bodhidharma, mtawa aliyetoka magharibi mwa China, kuwa mwanzilishi wake huko. Mtawa Mjapani Eisai aliuleta mkondo wa Rinzai nchini Japani mwaka 1191. Mjapani mwenzake Dogen alikwenda China mwaka 1223, akarudi mwaka 1227 na mafunzo ya mkondo wa Soto, na mwaka 1244 akaanzisha katika milima ya Fukui monasteri ambayo baadaye iliitwa Eiheiji, na ambayo watawa wanaishi humo mpaka leo. Mapokeo ya Zen yenyewe hujieleza kuwa ni upokezi wa pekee nje ya maandiko, usiotegemea maneno, unaouelekea moyo wa mtu moja kwa moja. Ukiishia kwenye maelezo hayo utadhani umekutana na kitu kilichojivua dini yote.

Basi fuata siku moja ya monasteri ya Soto. Kabla ya alfajiri kengele hupigwa, kisha ubao wa mbao hugongwa kwa nyundo kuwaita watawa kwenye ukumbi. Mtawa huingia kwa mguu uliopangwa, huunganisha viganja, huinamia mahali pake pa kuketi, hugeuka akawainamia wenzake, kisha huketi kwa miguu iliyokunjwa, akiuelekea ukuta. Wakati wa kuketi ukiisha, huweka joho lake lililokunjwa juu ya kichwa na kusoma ubeti wa kulitukuza joho hilo, halafu hulivaa. Baadaye hufuata ibada ya asubuhi: kusujudu mbele ya sanamu, kusoma Sutra ya Moyo, ambayo ni andiko fupi la Kibuddha, na kuyataja kwa mpangilio majina ya mababu wa mapokeo, kuanzia Buddha, kupitia Bodhidharma na walimu wa China, hadi Dogen na waliomfuata. Chakula nacho kina taratibu zake. Mabakuli hufunguliwa kutoka kwenye kitambaa kwa mikono inayofuata mpangilio maalumu, sala husomwa, na katika mlo wa mchana kila mmoja hutenga punje chache za wali kwa ajili ya mizimu yenye njaa. Punje hizo hukusanywa na kupelekwa nje. Anayedai kwamba Zen haina lolote lisiloonekana kwa macho anapaswa kueleza punje zile zinatengwa kwa ajili ya nani.

Kisha tazama mazishi. Kwa Wajapani wengi ambao familia zao ni za mahekalu ya Soto, Zen hukutana nao zaidi msibani kuliko kwenye mkeka wa tafakuri, na wengi wao hawajawahi kuketi kwa tafakuri maishani mwao. Katika mazishi ya Soto marehemu hufanywa mtawa baada ya kufa. Kichwa chake hunyolewa kwa ishara, anapewa ahadi zilezile ambazo mtawa huzipokea, anapewa jina jipya la kidini, na anapewa hati ya ukoo wa kiroho inayomwunganisha na Buddha kupitia mlolongo wa walimu. Utaratibu huo ulitokana na mazishi ya watawa waliokufa kabla ya kumaliza mafunzo, ukapanuliwa kwa watu wa kawaida katika zama za kati, na ni miongoni mwa sababu kubwa zilizoifanya Soto ienee vijijini. Baada ya mazishi huja kumbukumbu za siku ya 7, siku ya 49, siku ya 100, na za miaka inayofuata, ambazo kwa familia nyingi huendelea hadi ile ya mwaka wa 33. Uhusiano huu wa familia na hekalu ulikazwa katika karne ya 17, watawala wa ukoo wa Tokugawa walipozitaka familia zijisajili hekaluni ili kuthibitisha kwamba hazikuwa za Kikristo. Leo Soto ina mahekalu zaidi ya 14,000 nchini Japani, na mengi yake huendeshwa kwa kipato cha mazishi na kumbukumbu.

Baada ya kuona hayo, rudi sasa kwenye semi maarufu. Linji, mwalimu wa China aliyefariki mwaka 866, amenukuliwa akisema kwamba ukikutana na Buddha, muue. Inasimuliwa pia kwamba Danxia, mtawa mwingine wa China, alichoma sanamu ya mbao ya Buddha ili aote moto usiku wa baridi. Semi na visa hivi hupendwa sana na watu wasiotaka dini, lakini jiulize vilisemwa wapi na kwa nani. Vilisemwa ndani ya monasteri, kwa watu walionyolewa vichwa na kuvaa majoho, ambao asubuhi ileile walikuwa wamemsujudia Buddha. Nguvu yake yote inategemea heshima hiyo. Kwa mtu asiyemheshimu Buddha, maneno ya Linji hayana uzito wowote. Kisa cha Huangbo, mwalimu wa Linji, kinalionyesha jambo hili waziwazi. Alikutwa akisujudu, akaulizwa kwa nini anasujudu ilhali yeye mwenyewe hufundisha kwamba hakuna la kutafuta kwa Buddha, kwa mafundisho wala kwa jumuiya. Akajibu kwamba hatafuti lolote kwa hao watatu, naye husujudu hivyohivyo. Mwulizaji alipoendelea kuhoji, alipigwa kofi. Kwangu mimi jibu lile limebeba Zen nzima: ibada inabaki, na kinachoondolewa ni tamaa ya kupata kitu kwa ibada hiyo.

Hata dai la kutotegemea maneno lipime kwa mwenendo. Dogen aliacha maandishi mengi mno, akinukuu maandiko ya Kibuddha kila mara, hasa Sutra ya Lotusi, na mwaka 1237 aliandika maelekezo marefu kwa mpishi wa monasteri kuhusu jinsi ya kuosha mchele na kuuheshimu. Na kama unataka ushahidi usio wa kupendeza, upo. Mahekalu ya Zen yaliunga mkono vita vya Japani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mwaka 1992 uongozi wa Soto ulitoa tamko rasmi la kutubu. Jumuiya yenye mamlaka ya kutubu kwa niaba ya vizazi vyake ni taasisi ya kidini katika maana kamili.

Fuatilia usemi wa “Zen si dini” ulikotoka

Ukishaona yote hayo, utajiuliza wazo kinyume chake lilitoka wapi. Lina historia, na historia yake ni ya karibuni. Mwaka 1868 serikali mpya ya Japani, iliyoitwa ya Meiji, iliamuru Ubuddha utenganishwe na ibada za Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na katika miaka iliyofuata mahekalu mengi yalibomolewa na watawa wengi wakarudishwa uraiani. Wasomi wa Kibuddha walijikuta wakituhumiwa kuwa watu wa ushirikina na gharama zisizo na faida. Wengi wao walijibu kwa kuueleza Ubuddha kama mafundisho ya akili, yasiyogongana na sayansi, na yanayostahili kusimama mbele ya wasomi wa Ulaya na Marekani.

Mwaka 1893 Shaku Soen, mwalimu wa Rinzai, alihutubia Bunge la Dini za Ulimwengu mjini Chicago. Mwanafunzi wake D. T. Suzuki, aliyeishi kuanzia mwaka 1870 hadi 1966, alihamia Marekani mwaka 1897, akaandika kwa Kiingereza vitabu vilivyoieleza Zen kuwa uzoefu safi ulio juu ya mipaka ya dini zote. Wasomaji wake wengi hawakuwa wamewahi kuona mazishi ya Kijapani. Tukio jingine linafundisha zaidi: Shunryu Suzuki, ambaye hana undugu na D. T. Suzuki, alifika San Francisco mwaka 1959 kulihudumia hekalu la Soto la Wamarekani wenye asili ya Japani. Vijana wa Kimarekani walipoanza kumjia wakitaka kuketi, chini ya paa moja zikawa zinaishi Zen mbili, ya familia zilizotaka kumbukumbu za wafu wao na ya vijana waliotaka tafakuri peke yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa amejifunza kwa walimu wa Zen, alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mpango wa kupunguza msongo wa mawazo, akiyaacha nje masanamu, ahadi na majina ya mababu. Mpango huo umewafaa wagonjwa wengi. Lakini kuuchukua mpango wa hospitali kuwa ushahidi kwamba Zen si dini ni kosa, kwa kuwa dini ilitolewa humo kwa makusudi, na kinachotolewa kwa makusudi kilikuwapo.

Kama umealikwa kwenye tafakuri

Sasa nirudi kwa msomaji mwenye mwaliko mkononi. Usiulize kama tafakuri kwa ujumla ni dini. Uliza kuhusu chumba utakachoingia. Je, mna sanamu, na utatarajiwa kuiinamia? Je, kuna maneno ya kumwendea Buddha kuwa kimbilio, na utatakiwa kuyatamka au utaruhusiwa kukaa kimya? Je, mwalimu anasema amepokea mamlaka kutoka kwa mlolongo wa walimu waliomtangulia? Je, iko siku ambapo wanafunzi hupewa ahadi na jina jipya? Mwalimu mwaminifu atakujibu bila kuzungukazunguka, na anayekwepa maswali haya kwa kusema kwamba hapa hakuna dini, huku ubani ukiwaka nyuma yake, hajakutendea haki.

Kwa maoni yangu, mtu anayehudhuria darasa la hospitali au la ofisini linalomfundisha kutulia na kufuata pumzi yake hajaingia Ubuddha. Aliyepokea ahadi 16 katika sherehe ya Soto, akashona kwa mkono wake kitambaa cha joho dogo la shingoni na kupewa jina la kidini, ameingia, hata kama yeye mwenyewe anapenda kusema kwamba hana dini. Katikati yao wamo wengi wanaoketi kila wiki na kuinama kwa adabu tu. Kwao hakuna jibu la jumla, na ni vizuri kila mmoja azungumze na sheikh, padri au mchungaji wake akiwa na majibu ya maswali yaliyotangulia.

Wapo waliobeba mambo haya mawili pamoja. Hugo Enomiya-Lassalle, padri Mjesuiti aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1898, aliyenusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, aliketi Zen kwa miongo mingi hadi akakubaliwa kuwa mwalimu, naye aliendelea kuwa padri mpaka kifo chake mwaka 1990. Kwa upande mwingine, tarehe 15 Oktoba 1989, ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Ratzinger, ilitoa barua ya kuwatahadharisha Wakatoliki kuhusu kuchanganya sala ya Kikristo na mbinu za Mashariki, Zen ikiwa miongoni mwake. Barua ile haikuzikataa mbinu zote, ilitaka zipimwe. Ikiwa wewe ni Mkatoliki, isome yote kabla ya kunukuu upande mmoja.

Unapoandika jibu

Mwanafunzi mwenye insha aanze kwa kutaja kipimo anachokitumia na sababu ya kukichagua, maana mtahini hawezi kuifuata hoja ambayo msingi wake umefichwa. Atenganishe mafundisho, ibada na taasisi, na kwa kila kimoja alete mfano mmoja wenye mahali na mwaka. Asiandike “Wabuddha wanaamini” bila kusema ni wa wapi, kwa kuwa mkulima wa Laos, mwanasheria wa Nagpur na mtawa wa Eiheiji hawafanani. Akiitaja Zen, aseme kama anazungumzia monasteri, hekalu la kijijini lenye makaburi, au kundi la watu wa mjini wanaokutana kuketi. Anayetaka kutetea upande ulio kinyume na wangu anaweza kufanya hivyo kwa heshima, mradi aeleze maji yanayomiminwa kwa ajili ya marehemu na jina jipya analopewa maiti, na asiishie kwenye maneno ya Linji.